Wazee wa Kimaori, korona na chanjo: niliyoyaona nikiwahudumia

Nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani hapa Auckland, Nyuzilandi, upande wa kusini wa jiji, na nilikuwa kazini tangu kabla korona haijafika. Wazee wangu wengi ni Wamaori, wenyeji wa visiwa hivi. Siku hizi wapo vijana wa kwetu wanaokuja kufanya kazi hii, wa Kenya, wa Tanzania, na ndugu zetu Wakongo waliopokelewa hapa kama wakimbizi. Wakishapangiwa mzee wa Kimaori, haipiti wiki wananipigia simu. Dada, huyu mzee mbona mgumu? Kakataa sindano ya mafua. Kakataa kulazwa. Nesi akija anajifanya amelala.

Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja, sasa nimeona niandike. Mzee huyo si mgumu. Ana sababu zake, na nyingine zilikuwepo kabla yeye hajazaliwa. Mimi nilizielewa kidogo kidogo kati ya 2020 na 2022, zaidi nyumbani kwa bibi mmoja wa Manurewa. Hapa nitamwita Nan, maana ndivyo wajukuu zake na mtaa mzima walivyomwita, na mimi pia. Yeye aliniita "e kō", wanavyoitwa mabinti kwa Kimaori. Familia yake imeniruhusu niyaseme haya mradi nisitaje jina lake. Wakati ule alikuwa ameshapita miaka 80, ana kisukari, mapafu yamechoka na masikio ni mazito. Nyumba ile waliishi yeye, mwanawe wa kiume ambaye ni dereva wa lori, na wajukuu watatu, mdogo akiwa bado shule ya msingi.

Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa hapa tarehe 28 Februari 2020. Machi 19 mipaka ikafungwa kwa wageni, siku mbili baadaye waliofikisha miaka 70 wakaambiwa wakae ndani, na usiku wa Machi 25 nchi nzima ikafungwa. Sisi wahudumu tulihesabiwa wafanyakazi muhimu, kwa hiyo niliendelea kutembea barabara tupu nikiwa na barua ya mwajiri mkobani. Barakoa za kutosha hatukupewa mwanzoni. Nilishona zangu kwa vitenge nilivyokuja navyo.

Jambo la kwanza kuondoka lilikuwa salamu. Wamaori husalimiana kwa kugusanisha pua na paji la uso, wanaita hongi, na kwa mzee kama Nan hiyo haikuwa mapambo. Nilipoingia kila asubuhi alinivuta kichwa, tukagusana, tukavuta pumzi pamoja, ndipo siku ikaanza. Sasa nikawa nasimama kwenye zulia la mlangoni, yeye amesimama katikati ya sebule, anaweka mkono kifuani na kuinua nyusi. Nyusi zile ndizo zikawa salamu yetu kwa miezi. Nataka mjue kwamba katazo la hongi halikuanzia serikalini. Kabila la Ngāti Kahungunu, pwani ya mashariki, lilikuwa limewazuia watu wake kabla nchi haijafungwa. Makabila mengine yaliweka vizuizi barabarani, kule East Cape watu wa Te Whānau-ā-Apanui, na kaskazini kundi lililoongozwa na Hone Harawira, aliyewahi kuwa mbunge. Walisimama barabarani wakiwauliza madereva wanakwenda wapi. Magazetini wapo waliolalamika kwamba raia hawana haki ya kusimamisha magari. Nan alikuwa akifuatilia habari hizo redioni na kusema, safari hii angalau wanatusikiliza.

Nilimuuliza safari iliyopita ilikuwa ipi. Akanieleza kuhusu 1918.

Homa ile ya mafua iliingia Nyuzilandi mwishoni mwa mwaka huo na kwa wiki chache ikaua maelfu. Wamaori walikufa kwa kiwango kilichowazidi wazungu mara kadhaa. Wanahistoria wanakadiria vifo vyao visivyopungua 2,500, na vijiji vingi havikuwa na daktari wala mtu wa kuandika idadi. Mama yake Nan alikuwa mtoto, kijijini Hokianga, kaskazini. Alikuwa akiwasimulia wanawe jinsi watu wazima waliobaki na nguvu walivyochimba makaburi mpaka wakaacha kuyatenganisha. Kule Waikato, Te Puea Hērangi, mwanamke wa ukoo wa kifalme, aliwakusanya yatima wapatao mia moja na kuwalea. Miaka mitano kabla ya hapo, 1913, ndui ilipowaingia Wamaori, walizuiwa kusafiri bila cheti cha chanjo. Na sheria ya 1907 ilikuwa imewapiga marufuku waganga wao wa jadi, ikaja kufutwa 1962, Nan akiwa mtu mzima. Kwa hiyo mzee wa namna hii akiambiwa na serikali "njoo uchanjwe", anasikia sauti nyingi kwa pamoja. Anaijua hatari ya maradhi kuliko kijana yeyote wa kituo cha afya, na anaijua pia historia ya wanaomwita.

Haya sikuyakuta kwenye mafunzo yoyote niliyopewa. Ukimpata mzee wa Kimaori, muulize kwao ni wapi na wazazi wake walikuwa akina nani. Uliza siku za kwanza kabisa, kabla ya kumuuliza habari za dawa. Na wewe mwambie kwenu ni wapi, mto gani, mlima gani, wazee wako ni nani. Mimi nilimwambia Nan habari za mto Pangani na milima ya Usambara. Tangu hapo akawa ananitambulisha kwa wageni kwa mlima na mto wangu kwanza, jina baadaye.

Aprili 2020 kaka yake alifariki kule Hokianga. Hakufa kwa korona, ni moyo. Lakini nchi ilikuwa imefungwa na mikusanyiko ya mazishi ilikatazwa kabisa.

Sisi watu wa pwani tunajua msiba ni nini, tunajua ubaya wa kuzikiwa mtu wako hupo. Msiba wa Kimaori, tangi, kwa kawaida huchukua kama siku tatu. Maiti hulazwa kwenye marae, yaani uwanja na nyumba ya ukoo, jeneza wazi, na haachwi peke yake hata usiku. Wanawake wazee hukaa pembeni yake, wanamlilia na kuzungumza naye. Nan alikuwa wa kukaa pale. Badala yake kaka yake alipelekwa kaburini na watu wachache wa nyumba yake.

Mjukuu mkubwa aliegemeza simu kwenye kopo la sukari juu ya meza ya jikoni. Nan alivaa nguo nyeusi tangu alfajiri. Alimtuma mjukuu wa kike akachume matawi ya kawakawa kwa jirani, wakamsokotea taji la majani kichwani, kama wanavyovaa wanawake wao msibani. Jeneza lilipotokea kwenye kioo kile kidogo alisimama, akashika kiti, akaita. Ni mwito mrefu wa sauti ya juu ambao wanawake wao humwitia maiti na wageni, na mimi nilikuwa sijawahi kuusikia ndani ya nyumba. Mtandao wa kule milimani ni dhaifu. Picha ikaganda mkono wa mtu mmoja ukiwa hewani na udongo. Yeye hakunyamaza. Aliendelea kuita mpaka akamaliza maneno yake yote, mjukuu akiwa anabonyeza simu na kulia.

Zamu yangu ilikuwa imekwisha zamani. Nilibaki, nikachemsha chai, na ofisini nikaeleza sababu. Wiki zilizofuata Nan alikula kidogo sana, na hapa nina la kuwaambia kwa msisitizo: mzee mwenye kisukari akiwa na msiba huacha kula huku sindano ya insulini inaendelea. Asubuhi moja nilimkuta ana jasho na maneno yanamgonga, sukari imeshuka vibaya. Tulimpa juisi, nikampigia nesi, dozi ikapunguzwa. Kukiwa na msiba piga simu siku ile ile, usisubiri dalili.

Mwezi Mei vizuizi vilipolegezwa, serikali kwanza iliruhusu waombolezaji 10 tu, na viongozi wa Kimaori wakapaza sauti mpaka idadi ikapandishwa kuwa 50. Nan alisema hata hiyo 50 ni watoto na wajukuu wa nyumba moja.

Chanjo zilianza hapa Februari 2021, Pfizer peke yake, wakianza na wafanyakazi wa mipakani. Sisi tunaoingia majumbani tulifuata, kisha wazee. Ujumbe wa kumwita Nan ulikuja kwenye simu yake, na simu yake inakaa kwenye droo ya kabati pamoja na betri za redio. Hakuna aliyeuona. Baadaye ndipo mjukuu alipopiga namba ya miadi, akasubiri muda mrefu sana, wakampangia ukumbi mkubwa mbali na nyumbani, saa za kazi.

Nilimpeleka mimi. Palikuwa pasafi, watu wamepangwa vizuri, na sina shaka kila aliyekuwa pale alikuwa akijitahidi. Lakini tazama yaliyomkuta. Mlangoni tukaambiwa aingie yeye na msindikizaji mmoja, mjukuu abaki garini. Kijana wa mezani alilitamka jina lake visivyo, mara ya pili akalikata nusu. Kwa kuwa masikio yake ni mazito Nan huangalia midomo ya anayezungumza naye, na midomo yote ilikuwa nyuma ya barakoa. Akaulizwa maradhi yake kwa sauti kubwa, watu wasiomjua wakisikia. Akauliza swali moja tu: dawa yangu ya kuzuia damu isigande, na hii sindano, vinapatana? Akapewa karatasi yenye maandishi madogo. Akaikunja, akaiweka mkobani, akasimama. "Twende nyumbani, e kō."

Kwenye gari hakuzungumza mpaka tukakaribia kwake. Kisha akasema, wananitaka mimi, na hawa watoto ninaolala nao nyumba moja nani anawataka?

Jioni nilipofungua faili lake kwenye mfumo wa kazi nilikuta kisanduku cha kuweka alama: mteja amekataa chanjo. Sikukiweka. Nikaandika kwenye nafasi ya maelezo kwamba mteja hajakataa, anataka kuchanjwa pamoja na familia yake, ana swali kuhusu dawa yake ambalo halijajibiwa, na anahitaji mtu wa kuzungumza naye uso kwa uso. Nawaomba sana mnaoanza kazi hii, angalieni neno mnaloandika. Likishaandikwa "amekataa", hakuna atakayempigia tena, na daktari atakayemwona mwaka unaofuata ataanzia hapo.

Swali la Nan kuhusu watoto halikuwa la kwake peke yake. Nyuzilandi ilipanga foleni kwa umri na hali ya afya, waliofika 65 wakitangulia mbele ya umma. Inaonekana ni haki mpaka uangalie nani anafika 65. Wamaori ni watu vijana, nusu yao wako chini ya miaka 26 hivi, na wanaishi pungufu ya wengine kwa takriban miaka 7. Wataalamu wao waliomba Mmaori wa miaka 50 apewe nafasi sawa na mzungu wa 65, kwa sababu maradhi huwafikia mapema. Baraza la mawaziri lilikataa. Desemba 2021 Mahakama ya Waitangi, chombo kinachosikiliza madai yanayotokana na mkataba wa 1840 kati ya Wamaori na Ufalme wa Uingereza, ilitoa ripoti inayoitwa Haumaru na kusema waziwazi kwamba uamuzi ule ulivunja misingi ya mkataba. Wakati huo Delta, aina kali ya korona, ilikuwa imeshapita majumbani, na Wamaori walikuwa sehemu ya wagonjwa kubwa kuliko sehemu yao katika nchi.

Kulikuwa na mlango mmoja ambao wengi wetu hatukuujua. Machi 2021 serikali ilikuwa imewatengea watoa huduma wa Kimaori na wa visiwa vya Pasifiki dozi za kutosha watu 40,000, mahususi kwa wazee na wale wanaoishi nao nyumba moja. Nilielezwa na mhudumu mwenzangu Mmaori tulipokuwa tunapakia vifaa. Akaniambia, achana na ule ukumbi, piga simu marae.

Marae kadhaa za kusini mwa Auckland ziliendesha kliniki za chanjo, Manurewa na Papakura zikiwemo. Tulikwenda siku ya baridi, gari limejaa: Nan mbele, mwanawe, wajukuu wawili wakubwa, na yule mdogo aliyekuja kwa ajili ya chakula tu, maana wakati ule chanjo ilianzia miaka 16. Mlangoni palikuwa na bibi wawili wa rika la Nan, wamevaa makoti mazito, na kazi yao ilikuwa kupokea watu. Walimuuliza kwao. Hawakumaliza dakika mbili wakawa wamempata binamu wanayeshiriki. Kulikuwa na sala kwanza, karakia, fupi. Viti vimepangwa kwa mduara wa familia. Nesi alivuta kigoda akakaa chini ya usawa wa macho ya Nan, akavaa ngao ya plastiki inayoonyesha midomo, akamweleza kwa Kimaori na Kiingereza sindano ina nini na mwili utaifanyia nini. Lile swali la dawa ya damu akalijibu: inawezekana kabisa, ila baada ya sindano tutakandamiza mahali hapa kwa muda zaidi. Basi. Jibu lenyewe ndilo lilikuwa fupi hivyo.

Nan akakunja mkono wa sweta. Baada ya sindano ulitakiwa kusubiri kidogo waone kama una mzio, lakini pale palikuwa na supu na mkate wa kukaanga, tukaondoka mchana umeshasogea.

Aliyenishangaza ni mwanawe. Miezi yote ile alikuwa akisema hachanjwi. Alikuwa na video kwenye simu, mtu aliyejiita daktari anaeleza jinsi chanjo inavyobadilisha damu. Video hiyo naijua, kwa sababu mama yangu aliitumiwa Tanga kwenye kundi la WhatsApp, imewekwa sauti ya Kiswahili juu. Hebu fikirieni, uongo ule ule kwa dereva wa Manurewa na kwa bibi wa Tanga. Sikuwahi kubishana na mwanawe Nan. Sikuwa na cheo hicho katika nyumba ile. Siku ile, alipomwona mama yake ameshakaa kitini na binamu yao ndiye anayeandikisha majina, alivua koti akakaa kiti cha pili. Sikusikia mtu akimshawishi. Mama yangu naye hakwenda kwa tangazo. Rais Samia alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021, mama akaangalia kwenye televisheni, akasema nimeona. Alikwenda wiki kadhaa baadaye, mwenyekiti wa kikundi chao cha vikoba alipochanjwa na akaonekana sokoni mzima.

Ndiyo maana nawaambia wahudumu wapya wasipoteze nguvu kubishana na video. Tafuta ni nani mzee huyu anamsikiliza, na ni wapi mtu huyo anapatikana. Kwa wengine ni mchungaji, kwa wengine binti aliyesomea uuguzi Australia, mpigie huyo.

Si kila mtu alikubali. Binti yake Nan, mwalimu wa watoto wadogo, alikataa mpaka mwisho. Serikali ilipowalazimisha walimu na wahudumu wa afya wawe na dozi ya kwanza ifikapo Novemba 15, 2021, alipoteza kazi. Kwa upande wangu niseme wazi: chanjo naiunga mkono kwa moyo wote, na sisi tunaoingia vyumbani mwa wazee wenye mapafu mabovu naamini ilikuwa haki tulazimishwe. Lakini maneno waliyoitwa waliokataa, na kaka yake mwenyewe akiyarudia mezani, yaliikata familia ile. Nan aliweka sharti kwamba neno chanjo lisitajwe wakati wa chakula. Binti akija alikaa barazani, mama yake ndani karibu na dirisha lililofunguliwa, wanaongea hivyo hivyo hata mvua ikinyesha. Wamepatana, ila imechukua miaka. Na chanjo za kawaida za watoto, surua na nyinginezo, zilishuka hapa baada ya korona. Watu waliochoshwa kwa moja wakazikimbia zote.

Desemba 2021 kikaja cheti cha chanjo, cha kuonyesha ukiingia mkahawani au saluni. Cha Nan kilitaka barua pepe, hana. Kilitaka jina lilingane na la kwenye namba yake ya afya ya taifa. Jina lake la kuzaliwa ni la Kimaori, shuleni mwalimu alimpa la Kiingereza, ndoa ikaongeza jingine, na kila ofisi ilikuwa na lake. Wazee wengi wa rika lake wako hivyo. Tulikwenda famasi yenye huduma hiyo tukiwa na pasipoti yake ya zamani na kadi ya chanjo, wakarekebisha pale pale na kumchapishia. Cheti chenyewe kiliacha kuhitajika Aprili 2022, lakini kule kurekebisha jina kumemsaidia mpaka leo hospitalini. Ukianza na mzee mpya, angalia jina kwenye dawa, kwenye faili la daktari na kwenye kadi yake. Yakitofautiana, shughulikia mapema, kabla gari la wagonjwa halijaitwa.

Omikroni, aina ya korona iliyofuata, ilimfika Machi 2022, kupitia shule ya mjukuu. Nyumba nzima ikajifungia. Watoa huduma wa Kimaori waliacha mlangoni maboksi ya chakula, vipimo vya kujipima, na kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Kile cha kidoleni ndicho kilichomwokoa, maana Nan hakulalamika kabisa. Alikuwa anaongea vizuri na oksijeni inashuka. Usiku wa tatu ilipofika chini ya asilimia 90 tukaita gari la wagonjwa.

Wodini wageni walizuiwa, mmoja tu kwa wakati. Familia ilinichagua mimi kwa kuwa nilikuwa nimeshaugua na kupona. Yapo mambo ambayo mhudumu au nesi asiyejua anaweza kumfanya mzee wa Kimaori aache kula na kunyamaza, nanyi mtadhani ni maradhi. Kichwa kwao ni kitakatifu. Usimguse kichwani bila kumwomba ruhusa, hata unapomrekebishia mpira wa oksijeni. Mto wa kichwa usiuweke chini ya miguu, wala kinyume chake. Chochote kinachohusu uchafu wa mwili kisikaribie chakula. Nan aliletewa uji, mtu akaja na chombo cha haja akakiweka kidogo tu kwenye meza ile ile ya kulia, akakiondoa. Hakusema kitu. Uji ule hakuugusa, wala cha mchana. Niliomba meza nyingine na chakula kipya, nikaeleza kwa upole, wakabadilisha. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Hospitali za hapa zina kitengo cha Kimaori, watu wanaokuja kukaa na mgonjwa, kusali naye kabla ya kipimo, kuisemea familia. Hawaji bila kuitwa. Omba siku ya kwanza. Beba karatasi yenye dawa zote kwa maandishi makubwa, betri za vifaa vya masikio, na namba za watu wawili wa familia wenye kauli. Familia ikitaka kuongea naye kwa video, omba simu ishikwe karibu, maana oksijeni ina kelele. Nan aliimbiwa na wajukuu kwa njia hiyo kila jioni na manesi wawili wakawa wanasogea kusikiliza.

Alirudi nyumbani. Nawaambia na upande wa fedha kwa sababu hausemwi: siku zile za kujitenga mwanawe hakuendesha lori, msaada wa serikali ulichelewa, maegesho ya hospitali yalikula pesa ya petroli, na dawa wakati ule ilikuwa dola 5 kwa kila aina, naye anatumia nyingi. Mjukuu mkubwa aliacha masomo muhula mmoja. Familia ikikuambia "tuko sawa", uliza kama kuna chakula ndani.

Mengi yamebadilika tangu hapo. Julai 2022 iliundwa mamlaka ya afya ya Wamaori, Te Aka Whai Ora, na serikali iliyofuata ikaivunja katikati ya 2024. Nilihuzunika. Kliniki za marae nyingi bado zipo, na wale bibi wa mlangoni bado wanakaa pale. Kwa hiyo ukipangiwa mzee mwezi wa Aprili, chanjo ya mafua inapoanza kutolewa, usikimbilie kumwekea miadi ya peke yake. Piga simu marae ya jirani, uliza siku wanayopokea familia nzima, kisha uliza gari la nani litabeba wote.